Kwa Nini Sitakusindikiza Uwanja wa Ndege

Nekesa, mwanangu, mama yangu,

Ukisoma hapa kesho asubuhi nitakuwa ndani ya basi, pengine nimeshapita Naivasha. Usishtuke, na usianze kupiga simu kabla hujamaliza kusoma. Sijagonjeka, sijakasirika, na sijakuacha. Kesho jioni ukienda kupanda ndege mimi nitakuwa Kimilili, kwa kukhu yako, mama mzazi wa marehemu baba yako. Najua vile utasema. Utasema, mama, mimi naenda miaka miwili, na siku yenyewe ya kuondoka wewe unaenda kwa yule mwizi? Ndiyo, naenda kwake. Naenda kwa sababu yeye si mwizi, na mimi ndiye nilikufanya uamini ni mwizi, na sitaki ufike Doha ukiwa umebeba uongo wangu kama mzigo wako.

Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda mjini kuaga wenzako wa duka la kamera, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Barua hii nitakuachia juu ya sanduku lako kesho alfajiri, ukiwa bado umelala. Nimekaa kitandani na daftari lako la zamani la hesabu, lile ambalo kurasa za nyuma hazikuandikwa. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyetolewa shule darasa la tano, kwa hiyo soma polepole na usicheke.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumatatu tukichambua sukuma nilianza, nikasema, "Nekesa, kuhusu kukhu." Ukasema, "Mama, tafadhali, usiniharibie roho kabla ya safari." Na mimi, badala ya kuendelea, nilifurahi umenikataza. Nikachukua kisu nikaendelea kukata mboga kama mtu mwenye kazi nyingi. Hata leo nikikuambia uso kwa uso najua utasema twende wote, na ndege haitakungoja. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mambo ya sweta na pasipoti sitayaandika. Hayo unayajua kuliko mimi. Mama mwenye nyumba amekubali kukusindikiza kesho na atabeba ule mfuko mdogo, nimeshaongea naye. Hakuniuliza sababu, lakini aliniangalia sana.

Unakumbuka Krismasi tulivyofunga zile kamera? Mimi nakumbuka kila kitu siku hiyo. Ulikuwa juu ya ngazi na drili, chini ya mabati ya nyumba ya baba yako, na kukhu ameishika ngazi kwa mikono miwili kama amemshika ng'ombe anayekamuliwa. Akauliza, "Nekesa, hii jicho inakula nini?"

Ukamwambia, "Inakula jua, kukhu. Ona hii sola."

"Na usiku?"

"Usiku inakula ile ilibakisha mchana."

Akasema, "Basi ina akili kuliko Wafula. Yeye humaliza yote saa sita, na jua likizama anakuja kwangu kuuliza kama kuna ugali."

Ulicheka mpaka nikaogopa utaanguka. Wafula ni mtoto wake wa kumzaa, mdogo wa baba yako, lakini kukhu hakuwa anamfunika. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba ni Wafula aliyekuwa anafunga ng'ombe wake ndani ya shamba letu, na kwamba ile mikonge ya mpaka ilikuwa inatembea kidogo kidogo kuja upande wetu. Nyumba iliyofungwa hushawishi watu. Baba yako amelala pale nje miaka minne, mimi niko huku nafua nguo za watu Karen, wewe uko mjini. Ndipo ukasema, mama, usilie, sisi tunauza macho, tutaweka macho. Moja ikatazama mlango wa nyumba, nyingine ikatazama jiko la nje. Ukaweka laini ya simu ndani yake, ukanifundisha kubonyeza. Kitu kikipita, simu yangu ilie.

Halafu ulitaka kumwita kukhu umwonyeshe. Uliniambia, "Mama, si aambiwe inaonyesha, na inaongea?" Nilikufinya mkono. Nilikuambia, "Aambiwe nini? Akijua yeye, Wafula atajua kabla ya chai kupoa." Ulikuwa na heshima, ukaweka simu mfukoni. Ulikuwa umenionyesha njia nzuri, mimi nikaipita. Kwa hiyo kukhu alijua kuna jicho, lakini hakujua jicho lina mdomo.

Tukarudi Nairobi, na mimi nikawa mgonjwa wa simu. Wewe ulikuwa unanicheka. Kuku akipita, simu inalia. Upepo ukitikisa mgomba, simu inalia. Mbuzi wa jirani alikuja akasimama mbele ya kamera akiniangalia mpaka nikamwambia "Toka!" na akatoka, na hapo nikajisikia kama mkubwa fulani. Kanisani akina mama wananiuliza, "Mama Nekesa, hiyo ni sinema gani haiishi?" Niliunguza wali Karen mara mbili. Nilikuwa naona mlango wangu, naona shamba, nikasema Mungu amenipa macho ya kuona mbali. Kweli alinipa. Akili ya kujua ninachokiona ndiyo sikuwa nayo.

Mwezi wa kwanza nikaanza kumwona kukhu. Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, anapita mbele ya jiko amejifunga leso, na ndani ya leso amebeba kitu. Anakishikilia kwa uangalifu, hakitazami, anatazama njia. Anaingia jikoni. Anakaa. Akitoka, leso ni tupu. Siku nyingine anatoka amebeba vipande vya kuni mikononi. Na ile rundo ya kuni, zile tulipasua na kupanga kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yako, nikaona inashuka. Nilikuwa naikuza picha kwa vidole nahesabu safu. Nikajiambia, anaiba. Anaficha kitu kwangu na anabeba kuni zangu. Pengine anampelekea Wafula.

Nekesa, nataka niandike hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata pasta. Nilipofikiria hivyo, moyo wangu ulifurahi. Sikuumia. Nilifurahi.

Utauliza kwa nini. Ulikuwa na miaka mitatu nilipokupeleka kwa kukhu. Nilipata kazi Woodley, hapa Nairobi, kwa familia moja, nikapewa chumba cha nyuma, wakasema mtoto hapana. Baba yako alikuwa anafanya mjengo, leo hapa, kesho pale. Nikakufunga mgongoni, nikakufikisha Kimilili, nikarudi na kanga iliyolegea. Nilisema ni miezi sita. Ikawa miaka sita. Kila nilipokuja nilileta nguo nikakuta zimekuwa ndogo, kwa sababu kichwani mwangu ulikuwa umebaki kimo kile kile. Na nilipokuja kukuchukua ulikuwa na miaka tisa. Nilinyoosha mikono, ukaenda nyuma ya kukhu, ukashika sketi yake, ukamwambia, "Mama, huyu shangazi anataka nini?"

Kukhu alikurekebisha. Alisema, "Mimi ni kukhu. Mama ni huyu." Alikubandua vidole kwenye sketi, akakusukuma kwangu kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kukuacha pale nyuma yake. Mimi sikuuona huo mkono wakati ule. Nilichobeba kutoka pale ni lile neno ulilomwita. Nimelibeba kama jiwe ndani ya kiatu. Nikiwa nacheka naye, nikimpelekea kitambaa, nikimsifu kwa watu, nilikuwa nangoja siku atakosea. Kwa hiyo simu iliponionyesha mtu mzee amebeba kuni, sikutafuta sababu nyingine. Nilikuwa na sababu yangu tayari miaka mingi.

Na huyu mama nilikuwa namngojea akosee alinifanyia nini? Nilipoolewa, wiki ya kwanza, nilivunja mtungi wa baba mkwe, ule alikuwa amerithi kwa baba yake. Nilikuwa msichana mdogo, nikasimama juu ya vile vigae. Mzee akaja akiwaka, "Nani amefanya hii?" Kukhu akatoka jikoni akasema, "Ni mimi. Macho yangu siku hizi hayaoni." Alitukanwa jioni nzima kwa ajili ya mtungi wangu. Baadaye nikaenda kumshukuru, akaniambia, "Nenda ukateke maji, na safari hii ubebe ndoo ya plastiki." Basi. Hakuwahi kulitaja tena.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili. Nilikuwa Karen, naanika mashuka nyuma ya nyumba. Wewe unajua ile nyumba ina kamera jikoni. Nimefanya kazi chini ya hilo jicho miaka sita. Kuna siku nilikuwa nimetoa maziwa kwenye friji ili nipanguse ile sehemu, na sauti ya mama wa nyumba ikatoka juu ya kabati, yeye akiwa ofisini kwake huko mjini: "Mama Nekesa, hiyo maziwa ni ya mtoto." Niliganda na chupa mkononi. Sikuwa nimekunywa hata tone. Nikairudisha, nikasema, "Ndiyo, madam," nikiongea na kabati. Halafu nikaenda chumba cha kufulia nikafungua bomba ili nisisikike. Hiyo aibu naijua rangi yake. Naijua mpaka ladha. Sasa niambie, mtu anayeijua namna hiyo anawezaje kumpelekea mwingine?

Simu ikalia. Nikatoa mkono kwenye shuka. Kukhu anatoka jikoni, ameshika vipande vitatu vya kuni. Nyuma yake, barabarani, wanawake wawili wa kanisa letu la kule wanapita na madumu, wanaenda kisimani. Nikabonyeza ile alama ya kuongea. Nikapiga kelele, "Wewe mama! Weka hizo kuni chini! Mwizi wewe!"

Alisimama. Wale wanawake nao wakasimama. Hakuangalia kamera, Nekesa. Aliangalia juu kwenye mabati, halafu akaangalia kaburi la baba yako. Akasema, "Ni nani?" Kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa jibu.

Nikasema, "Ni mimi, Mama Nekesa. Nakuona. Kila siku nakuona."

Mmoja wa wale wanawake akacheka, ule mcheko wa kushtuka. Kukhu akainama. Aliweka vile vipande vya kuni chini kimoja kimoja, kama mtu anayeweka mayai. Akapangusa mikono kwenye leso. Akasema, "Sawa, mama. Nimeweka." Akaenda. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, hata mimi mwenyewe niliuona. Niliendelea kuangalia ile picha mpaka simu ikazima, na nilikuwa najisikia nimeshinda.

Jioni nikakuambia, "Kukhu yako nimempata na kuni zetu. Nimemkanya kidogo, amekasirika." Kidogo! Uliacha kula. Ukasema, "Hata kukhu?" Nilikuwa na nafasi pale ya kusema nilipiga kelele, nilimwita mwizi mbele ya watu, sijamuuliza alikuwa anafanya nini. Nilisema, "Hata yeye. Watu ndio hao." Ukampigia hakushika. Ukampigia siku nyingine hakushika. Ukaacha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona sasa nimebaki mama peke yangu.

Asubuhi zikapita, kamera haikuonyesha mtu. Kuku tu, na yule mbuzi. Hata lile wingu kwenye pembe ya picha likapotea. Unakumbuka nilikuwa nakulalamikia, nasema hii kamera ya jikoni ni chafu, ina ukungu pale juu kushoto? Ukaniambia nimtume mtu aipanguse kwa kitambaa laini. Sasa ilikuwa safi kabisa, kama kioo.

Haukupita mwezi, simu ikalia nikiwa steji ya basi ya Mutuini. Nikaona ng'ombe wanne na jembe la kukokota. Wafula na watu wake. Wameng'oa mikonge, wanalima mpaka karibu na kaburi. Nilibonyeza alama nikapiga kelele mpaka watu wa boda wakageuka. Wafula aliinua kofia akasalimia kamera. "Shemeji, hujambo? Tumeona umehama, tukasema shamba lisilale." Akaendelea kulima.

Hapo ndipo nilimpigia mzee wa kijiji. Jioni nilikuambia ni mambo ya mpaka tu. Nilimwambia, "Mzee, watu wanalima kwangu na wewe uko." Akanijibu bila haraka, vile wao huongea. "Mama Nekesa, sisi tulijua umeacha boma. Moshi haujaonekana."

"Moshi gani? Mimi niko Nairobi."

"Najua uko Nairobi. Moshi wa mama mkwe wako."

Nikamuuliza anasema nini. Akaniambia. Nekesa, soma hii pole pole. Kule nyumbani boma lisilotoa moshi linahesabiwa limekufa. Hata mimi najua, nimezaliwa huko, lakini nimekaa na gesi ya Karen nikasahau. Kukhu alisikia Wafula akiwaambia wazee kwamba kwa marehemu hakuna mtu. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anachukua makaa ya moto jikoni kwake, anayaweka kwenye kigae, anayafunika na leso yasizimwe na upepo, anatembea nayo mpaka kwetu, anawasha moto kwenye jiko letu kwa zile kuni zetu. Anakaa hapo mpaka moshi upite juu ya paa na watu wauone. Wakimuuliza anawaambia, "Mke wa mwanangu ana nyumba. Leo ni uji." Halafu anavitoa nje vile vipande vilivyobaki na moto, anavizima kwenye mchanga, ili nyumba ya mwanawe isiungue. Ndivyo alivyokuwa amebeba. Vile vipande vitatu. Hakuwa anaenda navyo popote.

Nilikaa chini pale pale steji. Mtu akaniuliza kama nimeibiwa simu. Nilifungua zile picha za zamani zilizobaki, nikaangalia. Lile wingu nililosema ni uchafu wa kamera lilikuwa moshi. Kila asubuhi, pale juu kushoto. Na kwenye picha moja anatoka jikoni anakohoa, ameziba mdomo na leso, na mimi nilidhani anaficha kitu. Nilizifuta zote, usije ukaziona. Hiyo nayo ni kosa langu, la peke yake.

Kutoka siku hiyo nimekuwa mtu anayejua na anayenyamaza. Umekuwa ukiniuliza mbona siku hizi nazima simu kanisani. Nilimtumia kukhu sukari na chumvi na kile kitambaa cha bluu, kwa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa anaenda nyumbani. Alirudi na mfuko ule ule, fundo langu halijafunguliwa. Alisema, "Mama mkwe wako amesema, mwambie asisumbuke, nisije nikaonekana na vitu vyake." Nilijificha chooni nikalia. Uliponikuta macho mekundu nilisema ni kitunguu, na siku hiyo tulikula maharagwe bila kitunguu.

Mzee wa kijiji aliniambia jambo lingine, na nalo ndilo limenizuia kwenda mpaka leo. Alisema mpaka wa kweli anaujua kukhu, ndiye alipanda ile mikonge na mumewe, na akisimama mbele ya wazee, Wafula atarudi nyuma. Nikajiambia, nikienda kuomba msamaha sasa, ataona nimekuja kutafuta shahidi. Watu wataona hivyo, wewe utaona hivyo. Hiyo ikawa sababu nzuri ya kukaa. Mtu mwoga hakosi sababu nzuri. Kesho neno la kwanza nitakalomwambia ni kwamba sikuja kwa mpaka. Akitaka Wafula alime mpaka mlangoni, alime. Nitalia, maana ni jasho la baba yako, lakini nitalia nikiwa nimeomba msamaha.

Jumapili iliyopita mzee akanipigia tena. Kukhu yuko kitandani. Ni kifua. Hali chakula vizuri, na hataki kupelekwa hospitali. Anasema amechoka. Mzee akasema, "Kama kuna mtu ana neno naye, asingoje mvua ipite." Jioni ile ile ulikuwa unapanga sanduku, na mimi nikakuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza tu, "Na kukhu, hutamuaga?" Ulikunja blauzi ukaiweka. Ukasema, "Wa nini? Mtu anaiba kwa kaburi la mtoto wake. Mama, mimi nimemaliza na yeye."

Hujui vile hilo neno liliniingia. Mtoto aliyelala kifuani pake miaka sita, anaenda mbali, anasema amemaliza na yeye. Na hakuna alichokosa. Ni mimi niliyekutengeneza hivyo, kwa ulimi wangu, nikiwa nakula na wewe sahani moja. Baba yako alipoanza safari zake za mjengo kukhu alimtemea mate ya baraka kiganjani, na wewe ulipokuja Nairobi alikutemea, ukapangusa kwenye gauni na kukhu akacheka. Kesho utaondoka mkono mkavu. Hiyo siwezi. Nimejaribu kuizoea wiki nzima, na siwezi.

Kwa hiyo nimechagua. Usidhani imekuwa rahisi. Nilikuwa nimepanga gauni la kuvaa uwanja wa ndege tangu ulipopata barua ya kazi. Nilikuwa nimeota vile nitakushika pale mlangoni mpaka askari aseme inatosha. Nilikukosa miaka sita ukiwa mdogo na sasa nakukosa tena saa ya mwisho, na tena ni kwa makosa yangu. Kama kungekuwa na njia niwe mahali pawili ningekatwa katikati. Lakini wewe una miaka ishirini na minne, una afya, na Mungu akipenda nitakuona tena. Yeye sijui kama ana wiki.

Huko Doha utafunga kamera nyingi, kwenye majumba ya watu. Sina la kukufundisha kwa kazi yako. Lakini kukiwa na mwanamke anapika pale, au mzee anafagia, mwambie kwamba hiyo kitu inasikia na inaongea. Mwambie hata kama mwenye nyumba atakufinya mkono. Mimi nilikufinya, na wewe ulikuwa sawa.

Na ukinikasirikia, nikasirikie. Una haki. Usijilazimishe kunisamehe kwa sababu uko safarini na watu husema usisafiri na kinyongo. Nipe hicho kinyongo, ni changu, kitafika kwangu hata ukiwa mbali. Lakini kwa kukhu usibaki nacho hata kidogo, kwa sababu hakuna mahali pa kukiweka.

Sasa sikiliza. Basi la kesho litafika Kimilili kama saa kumi jioni, na kwa pikipiki nitakuwa kwake kabla jua halijazama. Wewe utakuwa unaingia uwanjani wakati huo. Acha simu yako ikiwa imewashwa mpaka wakuambie zima. Nikikupigia usiniulize nimefikaje wala nimekula nini. Sitakuwa mimi. Nitakuwa nimeiweka sikioni pake. Ukisikia mtu anapumua tu, usiharakishe, usiseme "haloo, haloo" kama unavyofanya. Kifua chake ni kizito. Ngoja. Mwache aanze yeye, aseme anachotaka, hata akitaka kukutukana. Akinyamaza sana, mwambie tu wewe ni Nekesa.

Lakini ninaweza kufika na asinifungulie. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Ni haki yake. Nitakaa chini nje ya mlango wake, kwenye udongo, mahali kila anayetoka kisimani anapita. Nitakupigia hivyo hivyo, simu ikiwa kwenye spika. Nitaongea kwa sauti kubwa, asikie ndani na wasikie barabarani, na wale wanawake wawili kama wapo wasimame wasikie. Nitasema: Nekesa, kukhu yako hakuiba chochote. Aliyekosa ni mimi.

Ukisikia hivyo, nijibu, "Nimesikia, mama," lakini uliseme kwa nguvu, limfikie. Mlango ni wa mbao nyembamba.

Mimi mama yako,
ninayekupenda kuliko nilivyojua kuonyesha.